Jimbo la Busanda

Busanda ni jimbo la uchaguzi katika Wilaya ya Geita, Mkoa wa Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hadi mwaka 2025 jimbo hilo lilijumuisha pia mji wa Katoro, ambao ni kati ya vituo vikubwa vya biashara katika ukanda wa dhahabu. Mwaka huo Katoro ilitengwa na kufanywa jimbo linalojitegemea. Makala hii inahusu zaidi Busanda ya zamani, yaani jimbo lililounganisha mji huo na vijiji vya wakulima na wachimbaji wadogo chini ya mbunge mmoja.

Eneo na wakazi

Busanda ya zamani ilikuwa na kata za aina mbili. Kata za Katoro na Ludete ni za mjini: zina maduka, masoko, vituo vya mabasi, nyumba za wageni na biashara ya mazao na dhahabu. Kata za Nyarugusu, Lwamgasa na Kaseme zinajulikana kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu, na nyingine kama Busanda yenyewe na Nyakamwaga ni za wakulima na wafugaji.

Mji wa Katoro uko magharibi mwa Geita, kwenye barabara kuu iendayo Bwanga. Umeungana na Buseresere, ambayo ni kata ya Wilaya ya Chato. Kwa mgeni, Katoro na Buseresere ni mji mmoja. Katika uchaguzi ni sehemu mbili tofauti, kwa kuwa mkazi wa Buseresere humchagua mbunge wa upande wa Chato. Kabla ya mwaka 2012 mpaka huo ulikuwa mkubwa zaidi: Katoro ilikuwa Mkoa wa Mwanza na Buseresere ilikuwa Mkoa wa Kagera. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 sehemu zote mbili ziliingia mkoa mmoja, lakini mpaka wa wilaya na wa jimbo ulibaki.

Wakazi wengi ni Wasukuma, pamoja na Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wahaya na watu wa makabila mengine waliofuata ardhi, biashara au dhahabu.

Wabunge

Wabunge waliochaguliwa katika jimbo hili tangu mwaka 2005 hadi lilipogawanywa wote walitoka Chama cha Mapinduzi (CCM):

- 2005: Faustine Kabuzi Rwilomba
- 2009 (uchaguzi mdogo): Lolesia Bukwimba
- 2010: Lolesia Bukwimba
- 2015: Lolesia Bukwimba
- 2020: Tumaini Magessa

Uchaguzi mdogo wa 2009

Rwilomba alifariki akiwa mbunge, na uchaguzi mdogo ukafanyika Jumapili tarehe 24 Mei 2009. Ulivuta macho ya nchi nzima kuliko kawaida ya jimbo la vijijini. Sababu ni kwamba miezi michache kabla, Oktoba 2008, Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA) kilikuwa kimeshinda uchaguzi mdogo wa Tarime, na sasa kilitaka kuonyesha kuwa kina nguvu pia katika mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa. CCM nayo haikutaka kupoteza kiti kilichokuwa chake.

Bukwimba wa CCM alishinda, na Finias Magessa wa CHADEMA akawa wa pili. (Huyu si Tumaini Magessa wa CCM aliyechaguliwa mwaka 2020.) Julai mwaka huohuo vyama hivyo viwili vilipambana tena katika jimbo jirani la Biharamulo Magharibi. Huko pia CCM ilishinda, lakini mwaka 2010 mgombea wa CHADEMA, Gervas Mbassa, alilitwaa jimbo hilo.

Mwelekeo wa kura

Katika uchaguzi mkuu wa 2010 CHADEMA ilipata viti vingi Kanda ya Ziwa, vikiwemo Nyamagana na Ilemela jijini Mwanza, Musoma Mjini, Bukombe na majimbo mawili ya Maswa. Shinyanga Mjini mgombea wa CCM alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura moja tu. Busanda haikubadilika.

Mwaka 2015 upepo ulielekea CCM. Mgombea wake wa urais, John Magufuli, alikuwa mbunge wa jirani kabisa, Chato, jimbo lililoitwa zamani Biharamulo Mashariki. CCM ilishinda majimbo yote ya Mkoa wa Geita, ikiwemo Bukombe iliyokuwa ya CHADEMA. Hali ikawa hivyo tena mwaka 2020, katika uchaguzi ambao matokeo yake yalipingwa na vyama vikuu vya upinzani.

Hata hivyo, orodha ya washindi haitoshi kueleza jinsi watu walivyopiga kura. Kwanza, kura za ubunge hujumlishwa kwa jimbo zima na anayeongoza huchukua kiti. Kura za mjini zikielekea upande mmoja na za vijijini upande mwingine, jumla haionyeshi tofauti hiyo. Anayetaka kuijua hutazama matokeo ya kila kituo, au ya udiwani, ambayo hutolewa kwa kata.

Pili, wachimbaji wadogo huhamahama. Dhahabu ikisikika mahali papya, mamia ya watu huondoka kwa siku chache. Mpigakura humchagua mbunge na diwani wa mahali alipoandikishwa, kwa hiyo asiyehamisha taarifa zake katika daftari la kudumu hukosa kumchagua mwakilishi wa mahali anapoishi sasa. Ndiyo maana wingi wa watu katika eneo la machimbo haulingani siku zote na wingi wa kura.

Kugawanywa mwaka 2025

Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo kwa kuzingatia idadi ya watu, upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, na jumla ya majimbo nchini ikafika 272. Mkoa wa Geita ulipata mawili: Katoro, kutoka Busanda, na Chato Kusini, kutoka Chato.

Kwa wakazi wa mjini mgawanyo ulimaanisha kuwa mambo ya soko, maji, mitaro na ushuru yangekuwa na mbunge wake. Kwa vijiji ulimaanisha mbunge asiyegawana muda na mji, lakini pia jimbo lisilo na kituo chake kikubwa cha biashara.

Uchaguzi wa kwanza wa Jimbo la Katoro ulikuwa wa tarehe 29 Oktoba 2025. CHADEMA, mshindani mkuu wa mwaka 2009, haikushiriki. Haikuwa imesaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili mwaka huo, nayo ilikuwa ikidai mabadiliko ya sheria kabla ya kupiga kura. Siku za uchaguzi ziliambatana na maandamano na vifo katika miji kadhaa nchini. Kwa sababu hizo matokeo ya 2025 hayawezi kulinganishwa moja kwa moja na ya miaka iliyotangulia, wala kutumiwa peke yake kueleza msimamo wa mji baada ya kutengana na vijiji.