Kioo Juu ya Shaba, Shaba Ndani ya Kioo

Kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu bado kinanywewa chai Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Watu hukiita cha bati, lakini mdomo haugusi bati. Unagusa kioo: unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma mpaka ukakishika kama ngozi. Hiyo ndiyo enameli, ile ile iliyopamba misalaba na makasha ya Limoges, Ufaransa, katika karne ya 12 na ya 13, na inayopamba vidani vya Jaipur, India, hadi leo.

Mapambo ya zamani ya nyanda hizi hayana enameli. Yana shaba, na yana shanga. Wanyakyusa, majirani wa Wandali wa Ileje, walivaa pete nzito za shaba kiunoni, na shanga za kioo zilipanda kutoka pwani pamoja na nguo. Aliyezoea makumbusho ya Ulaya huona pengo hapo. Mimi naona jibu jingine kwa swali lile lile: kioo na shaba vitakaaje pamoja?

Jibu hilo linaanzia kwenye waya, na Kiswahili kimeutunza ufundi wake. Masango ni waya mnene wa shaba uliobebwa na misafara. Udodi ni waya mwembamba wa kufanyia bangili na vikuku. Chamburo ni bapa la chuma lenye matundu ya kuvutia waya. Mhunzi huchonga ncha ya ufito wa shaba, akaipenyeza tunduni, akaibana kwa koleo, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote. Kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi. Kila mvuto huikaza shaba, hivyo lazima irudi motoni, iive mpaka iwe nyekundu, ilainike, ndipo ivutwe tena. Asiyejua wakati wa kuirudisha motoni huambulia vipande. Udodi ukishakuwa kama uzi, huzungushwa juu ya singa za mkia wa ng'ombe au tembo, ukawa kikuku kinachopinda bila kukatika. Huko Katanga, watu wa Msiri, Msumbwa aliyetawala mpaka alipouawa mwaka 1891, waliujua ufundi huu. Na Ingombe Ilede, bonde la Zambezi, yamefukuliwa makaburi ya karne nyingi kabla yake ambamo watu walizikwa na vifaa vya kuvutia waya.

Fundi wa enameli wa Uchina naye alihitaji waya. Kazi yake imebeba jina la enzi ya Jingtai (1450–1457). Aliukunja waya, akausimamisha juu ya chombo kama kuta za vyumba vidogo, akajaza unga wa kioo uliolowanishwa, akauchoma kwa joto la nyuzi 800 hivi. Unga ukiyeyuka hushuka, kwa hiyo hujazwa na kuchomwa tena. Jaipur huchimba dhahabu badala ya kujenga kuta. Rangi zinazostahimili moto hutangulia, nyekundu ikaja mwisho. Shida kubwa ni kupoa. Kioo na shaba visiposinyaa kwa kadiri moja, pambo hupinda na kupasuka.

Shanga imeikwepa ndoa hiyo. Kioo ni kile kile, kobalti ikikitia buluu na shaba ikikitia kijani, ila kiliyeyushwa mbali, India au Venice, kikapoa peke yake. Uchina waya ni ukuta wa kioo; huku ni njia inayopita ndani yake.

Kwa rangi, siwezi kuiweka shanga juu ya enameli ya Jaipur, ambamo mwanga huingia, ukagonga dhahabu iliyo chini, ukarudi. Lakini kwa pambo la mtu anayelima na kubeba mtoto mgongoni, nachagua waya. Bangili ikipinda hunyooshwa kwa mkono. Uzi ukikatika, shanga huokotwa zikatungwa upya jioni hiyo hiyo. Enameli ikibanduka, kuitengeneza ni kulirudisha pambo zima motoni, pamoja na rangi ambazo hazikuwa na kasoro. Na kikombe cha Itumba kikianguka sakafuni, pale kilipogonga hubaki doa jeusi, kutu ikaanzia hapo.