Mvita: Hiyo ‘m’ tumeiacha wapi?

Disemba iliyopita niliposhuka Mombasa nilipitia Shimanzi kumjulia hali mpwa wangu. Kazi yake ni kusimamia upakiaji wa malori katika yadi moja ya makontena, si mbali na matangi ya mafuta. Sehemu hiyo ya kisiwa watalii hawaijui. Ni vumbi, honi, harufu ya dizeli na vijana wa mkokoteni wanaokupigia kelele upishe. Nilimkuta ameketi kivulini na bintiye wa Kidato cha Pili, aliyekuwa likizoni. Msichana alinipa shikamoo, kisha akanyosha kidole kwenye kontena jekundu lililokuwa mbele yetu. Ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: HAMBURG SÜD.

“Babu, huko ndiko zilikotoka hambaga?”

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Ndiyo, nikamwambia, hambaga imetokana na jina la mji huo wa Ujerumani, ambao ni bandari kama Kilindini. Nyama ya kusaga iliyoitwa kwa jina la Hamburg ilipata umaarufu Marekani, na neno “hamburger” maana yake ni kitu cha Hamburg, au mwenyeji wa Hamburg. Halafu likatokea jambo ambalo sisi watu wa isimu tunalipenda sana. Wasemaji wa Kiingereza walilisikia neno wakadhani limeundwa kwa vipande viwili, “ham” na “burger”. Kwa kuwa “ham” kwao ni paja la nguruwe, kipande hicho kikaonekana kuwa ni jina la nyama. Wakakitoa, wakabakisha “burger”, na leo tuna baga ya kuku, baga ya samaki, hata baga ya maharagwe. Wako Waislamu hapa Mombasa niliowasikia wakiulizana kama hambaga ni halali, kwa sababu ya hiyo “ham” tu! Kumbe nguruwe hakuwahi kuwamo katika jina.

Wajerumani wenyewe hulikata neno mahali pengine: Ham-burg. “Burg” ni ngome. Katika karne ya 9 palijengwa ngome iliyoitwa Hammaburg karibu na mto Elbe. Mwaka wa 845 maharamia wa Kiviking waliivamia na kuiteketeza. Ngome haipo tena, jina lipo. Hiyo “hamma” huhusishwa na neno la kale lenye maana ya ardhi iliyo kwenye kona ya mto au iliyozungukwa na majimaji, ingawa wataalamu bado wanavutana juu yake.

Hapo mpwa wangu akaingilia. “Mjomba, ya Hamburg tumeyasikia. Hebu tuamulie letu sisi.” Akamwambia mtoto alete daftari. Ndani yake mlikuwa na zoezi la historia lenye swali: Eleza asili ya jina Mvita. Msichana alikuwa ameandika kwamba Mvita ni jina la mtu, Shehe Mvita, kama alivyoambiwa na nyanya yake wa Mji wa Kale. Mwalimu alikuwa amepiga mkasi mwekundu na kuandika pembeni: “Kisiwa cha vita, kwa sababu ya vita vya Wareno na Waarabu.” Mtoto alikuwa ameudhika. Si alama tu iliyomuudhi. Nyanya yake alikuwa ameambiwa, kwa kalamu nyekundu, kwamba hajui jina la mji wake.

Nilimwahidi kwamba nitalijibu hapa katika safu hii, nikiwa nimelipima jambo lenyewe kwanza. Msomaji mpendwa, ndilo hili.

Kwanza tuliondoe jina la Mombasa njiani, maana wengi huyachanganya haya mawili. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika katika karne ya 12, aliutaja mji huu kwa herufi za Kiarabu zinazosomeka “Manbasa”. Ibn Battuta aliyelala hapa usiku mmoja mwaka wa 1331 naye aliandika hivyohivyo, akasimulia wenyeji wanaokula ndizi na samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Aliyesoma chuoni na kufundishwa tajwidi ataikumbuka kanuni ya iklabu: nuni yenye sukuni ikifuatwa na be husomwa mimu. Kwa hiyo kilichoandikwa “Manbasa” kilisomwa “Mambasa”. Wareno wakaja wakaandika “Mombaça”, Waingereza wakafuata, na irabu ya o ikatulia pale. Wapo wanaoling’ang’aniza neno hili kwenye mzizi wa Kiarabu n-b-s, unaohusu kutamka neno, ati hapa palikuwa mahali pa kusemea. Mimi sishawishiki. Mwandishi mgeni hulisikia jina kwa wenyeji akaliandika kwa herufi alizo nazo. Herufi zikiwa za Kiarabu hazilifanyi jina kuwa la Kiarabu. Na tusikimbilie kufananisha tu. Mkoani Ituri, Kongo, kuna mji uitwao Mambasa, na hakuna anayedai kwamba ulihamishwa kutoka pwani.

Wenyeji, lakini, walikuwa na majina yao. Kongowea na Gongwa ni ya kale, na mapokeo ya Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, yanamtaja malkia Mwana Mkisi kuwa ndiye aliyetawala Kongowea kabla ya Uislamu kukita mizizi. Baada yake akaja Shehe Mvita, na ukoo wake ukatawala hadi kwa Shaho bin Misham mwishoni mwa karne ya 16, kabla Wareno hawajamleta mfalme wa Malindi kuketi hapa. Siku hizi ukisema Kongowea, watu wanafikiria soko la ng’ambo ya daraja la Nyali, bara. Jina limevuka maji. Mvita nalo limebaki kuwa jina la eneobunge linalokizunguka kisiwa chote, na hata lile kontena la Hamburg, pale lilipokuwa, lilikuwa limeketi ndani ya Mvita.

Sasa tuje kwa mwalimu. Maelezo yake si ya kwake peke yake, yamo katika vitabu vingi na hata waongozaji watalii huyakariri mlangoni mwa Fort Jesus. Na kweli vita havikukosekana. Almeida aliuchoma mji mwaka wa 1505. Nuno da Cunha akauteka mwaka wa 1528 na kuuchoma tena alipoondoka. Mwaka wa 1589 Wareno walirudi na manowari, na Wazimba wakavuka kutoka bara. Mwaka wa 1631 Yusuf bin Hassan aliwaasi Wareno ndani ya ngome yao wenyewe. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia 1696 hadi ilipoanguka 1698. Baadaye Mazrui walipambana na Seyyid Said hadi 1837. Mtu akiitazama orodha hii, jina “kisiwa cha vita” linaonekana kama limejiandika lenyewe.

Tatizo ni kwamba jina lilitangulia orodha. Ikiwa ukoo wa Shehe Mvita ulikuwa tayari unatawala Wareno walipotia nanga mwaka wa 1498, basi vita vyao haviwezi kuwa chanzo cha jina. Hilo la kwanza.

La pili ni la sarufi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Sisi husema Kisiwa cha Mvita. Hatusemi Kisiwa cha Vita. Wanaofasiri “cha vita” hiyo m wameiacha wapi? Neno vita tayari lina kiambishi chake: ni vi-ta, ndiyo maana twasema vita vikali, vita vimekwisha. Mzizi -ta ni wa kale sana katika lugha za Kibantu na ndio unaofanana na ule wa “uta”, yaani upinde. Kuubandika m- juu ya vi- si kawaida yetu. Hatusemi mviatu wala mvitabu. Mpigana vita ni mpigana vita, au mwanavita, si mvita.

Haki itendeke, ipo njia ya kuitetea hiyo m. Katika ngeli ya mbuzi na mbwa, n- hugeuka m- mbele ya sauti za midomo, na mbele ya v tunayo “mvua”. Tena katika Kikongo neno la vita lina umbo la namna hiyo: mfalme António wa Kwanza wa Kongo, aliyeuawa katika vita vya Mbwila mwaka wa 1665, jina lake la nyumbani lilikuwa Nvita a Nkanga. Wako pia waliolifananisha jina la Mwana Mkisi na “nkisi” ya Kikongo, kitu chenye nguvu takatifu, na Kongowea na Kongo yenyewe. Yanavutia, sikatai. Lakini angalieni: huyo Nvita ni mtu. Hata tukienda mpaka Kongo kutafuta m yetu, tunarudi na jina la mwanadamu mkononi.

Kuna na nadharia ya tatu ambayo wazee wengine wa Mji wa Kale huipenda, kwamba Mvita ni “Mfita”, mahali palipofichika, kwa vile kisiwa kimejikunja ndani ya ghuba na meli ya mgeni ilikipata kwa shida. Vijana wa Shimanzi hawalijui tena neno “fita”. Ni “ficha” ya Kimvita. Kimvita kina t mahali ambapo Kiunguja kina ch, kama mato na macho, teka na cheka. Krapf, mmishonari wa Kijerumani aliyefika hapa mwaka wa 1844, kamusi yake iliyotoka 1882 aliijenga juu ya lahaja hii. Kisha mwaka wa 1928 ukafanyika mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifishia Kiswahili, ukachagua Kiunguja. Mkutano wenyewe ulifanyika papa hapa Mombasa! Wenyeji wa mato na kufita wakaanza kusahihishwa shuleni kwa kalamu nyekundu, na naona kalamu hiyo haijaisha wino.

Hata hivyo, nadharia ya Mfita siikubali. Mmvita hana desturi ya kugeuza f kuwa v: fisi ni fisi, fimbo ni fimbo, na kufita kwenyewe ni kufita. Isitoshe, “mfita” angekuwa mwenye kuficha, wala si aliyefichwa. Kwa kilichofichika tungetazamia umbo lenye -fitwa au -fitama. Kisiwa hakikumficha mtu. Ndicho kilichofichika, kama hoja yenyewe inavyodai.

Baki, basi, ni mtu. Mapokeo ya wenye mji yanamtaja, nafasi yake katika orodha ya watawala inajulikana, na sarufi haimpingi: Kisiwa cha Mvita ni kisiwa cha fulani. Jina lake yeye huenda lilitokana na vita. Mtoto aliyezaliwa wakati wa vita kuitwa kwa vita ni jambo la kawaida kwetu, kama vile Mvua, Njaa na Sikukuu. Washairi wa zama za Muyaka, aliyefariki yapata 1840, waliishi katikati ya vita vya Mazrui na Zanzibar, na masikio yao hayangeweza kuipita bure “vita” iliyomo ndani ya Mvita. Lakini hayo ni masikio yanayosikia maana baada ya jina kuwapo, kama yale yaliyosikia nguruwe ndani ya Hamburg.

Nilimwandikia mpwa wangu haya kwa ufupi kabla ya shule kufunguliwa. Nilimsihi binti asiende kwa mwalimu kama mtu wa kushtaki, bali amwendee kwa adabu na swali moja tu: Mwalimu, ile m iko wapi?

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Shimanzi. Nyuma ya sauti ya mpwa wangu nilisikia malori. Mwalimu ameufuta mkasi, akampa nusu alama, akamtaka aje na maelezo ya nyanya yake yakiwa yameandikwa ili ayasome mbele ya darasa. Binti bado ananuna kuhusu hiyo nusu. Nyanya, nimeambiwa, ameshaanza kusimulia na hana dalili ya kumaliza.