p53: Soja wa Seli Zako Anayelazwa na Mahindi Yenye Kuvu

Kama ocha kwenu ni Kitui ama Makueni, stori ya 2004 unaijua. Mahindi yaliwekwa kwa nyumba kabla yakauke vizuri, kuvu ikaingia. Watu 317 waligonjeka na 125 wakafariki, wengi wao wa pande hizo mbili. Sumu ilikuwa aflatoksini, na ilikuwa mob, ikachapa ini mara moja. Lakini hata ile kidogo kidogo ya kila siku ni noma. Hiyo huenda polepole, hadi ifikie p53.

p53 ni nani?
Kila seli ya ini iko na kiini, na kwa kiini ndio DNA hukaa. p53 ni protini inayopiga kazi humo ndani, kama soja wa geti. DNA ikiharibika, inasimamisha seli isigawanyike na kuita mafundi. Ikishindikana, inaamuru seli ijimalize. Iligunduliwa 1979. Karibu nusu ya kansa za binadamu hupatikana na jeni ya p53 iliyoharibika.

Sumu inaingilia wapi?
Ini likijaribu kutoa aflatoksini, huigeuza kuwa kitu kinachojishika kwa DNA. Mwaka 1991, watafiti waliopima kansa ya ini kutoka China na kusini mwa Afrika walikuta kosa moja likijirudia kwa jeni hiyo, nafasi ya 249: herufi G imekuwa T. Herufi moja tu, na soja amelala. Baadaye huko Gambia, alama hiyo hiyo ilipatikana hata kwa damu ya wagonjwa. Ukiwa na hepataitisi B pia, hatari inapanda zaidi.

Ufanye nini?
Kuchemsha muthokoi ama isyo siku mzima hakumalizi hii sumu. Na mahindi yanaweza kukaa fiti kwa macho na bado yako nayo. Kwa hivyo vita ni kabla ya sufuria:

- Anika juu ya turubai, si kwa mchanga, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5.
- Panga magunia juu ya mbao.
- Yenye kuvu usimpe ng'ombe. Sumu hurudi kwa maziwa.

Wasee wa ocha wakikutumia gunia, lifungue kwanza kabla lifike kisiagi. Na ukirudi Desemba, wabebee turubai.