Alizeti ya Kongwa na hesabu ya mvua iliyobaki

Mwezi wa tatu, kwenye vilima vya Kivu, jirani aliyebaki kijijini ameshaanza kupalilia maharagi. Jamaa iliyokimbia vita inarudi siku hizo hizo, na jembe moja na mfuko mdogo wa mbegu. Msimu B ulianza mwezi wa pili bila wao. Mama anapima mbegu mkononi: itiwe udongoni sasa, wakati wengine wamekwisha kupanda, ao ipikwe watoto wapate kula leo?

Si wakulima masikini tu waliowahi kuchelewa mvua. Miaka zaidi ya sabini iliyopita serkali ya Uingereza yenyewe ilichelewa, pamoja na pesa zake na mashine zake. Ilikuwa Kongwa, katikati ya Tanganyika, inchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Kati ya mimea iliyopandwa huko ilikuwemo alizeti, ile ambayo Wafaransa wanaita tournesol. Habari ya Kongwa ina mafundisho kwa kila anayerudi shambani nyuma ya wengine.

Vita ya pili ya dunia ilipokwisha, Waingereza walikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akashauri karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya Unilever, na ukoo huo Wakongomani wanaujua. Tangu mwaka 1911 Lever alikuwa amepewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi. Lusanga ya leo, kule Kwilu, iliitwa Leverville kwa jina lake. Mawese ya Kongo na karanga za Tanganyika zilitafutwa kwa sababu moja: Ulaya ilitaka mafuta na sabuni.

Mpango ulikuwa mkubwa sana: ekari zaidi ya milioni 3, ni kusema hekta karibu milioni 1.3. Mashamba yaliwekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000. Lakini trakta nyingi zilikuwa mabaki ya jeshi, zilizonunuliwa mpaka Ufilipino, na ziliharibika upesi. Vichaka vya miiba viligoma kung'oka. Vipuri vilikuja kwa meli, halafu kwa reli, halafu kwa barabara mbaya. Mwaka 1947 ulipokwisha, ekari zilizokuwa tayari zilikuwa karibu 7,500 tu.

Mvua haikungojea meli. Kongwa iko Ugogo, mahali penye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia karibu mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa ine, na hata huo msimu unaweza kukatika katikati. Wagogo walijua. Ndiyo maana walipanda uwele na mtama, mimea inayovumilia jua. Wazee wao waliikumbuka Mtunya, njaa kali iliyowapiga kati ya 1918 na 1920. Lakini kalenda ya mradi iliandikwa London, na ilifuata hesabu ya mashine.

Udongo nao ulikuwa na shauri lake. Mvua ikiisha, udongo wa Kongwa unakauka na kuwa mgumu kama tofali la kuchoma. Karanga zinazaa chini, basi nyingi zilikwama mle ndani. Alizeti inazaa juu ya shina, haina haja ya kuchimbuliwa, na mizizi yake inashuka chini sana kutafuta maji. Kwa hiyo nayo ikapandwa kwenye mashamba makubwa. Mwaka 1949 ukame ukaja, ukaunguza karanga na alizeti pamoja. Mwezi wa kwanza 1951 serkali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umekufa. Pauni zaidi ya milioni 35 zilikuwa zimepotea. Karanga zilizonunuliwa kwa mbegu zilipita karanga zilizovunwa.

Mtu angeweza kufikiri kwamba alizeti haiwezi Ugogo. Sivyo. Leo Dodoma, mkoa wenye Kongwa ndani yake, pamoja na jirani yake Singida, ni kati ya mikoa inayojulikana zaidi kwa alizeti katika Tanzania. Mmea ni ule ule na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni mikono. Wakulima wadogo walipanda kipande kidogo kando ya uwele na mtama, si shamba moja lisilo na mwisho. Mbegu nyingi walizotumia, kama ile inayoitwa Record, mkulima anaweza kuchagua vichwa vizuri na kujiwekea mbegu ya mwaka kesho bila kununua tena. Na katika miaka ya 1980 kulitengenezwa upande wa Arusha mashine ndogo ya kukamua mafuta kwa nguvu ya mkono, bila umeme wala mazuti. Mafuta yakabaki kijijini, na mashudu wakapewa mifugo.

Tena wakulima hao wanajua kuchelewa kwa makusudi. Mahali penye mvua nyingi, wengi wanatanguliza mahindi, halafu alizeti baadaye, ili vichwa vikomae wakati wa jua. Kichwa cha alizeti kilichokomaa kikinyeshewa siku nyingi, kinaoza. Basi kupanda nyuma ya wengine si kosa kila mara. Kosa ni kupanda bila kuhesabu siku zilizobaki.

Hesabu hiyo inawezekana hata kambini, kwa vidole. Alizeti inahitaji siku 90 mpaka 120 tangu kupandwa mpaka kuvunwa, kufuatana na mbegu na baridi ya mahali. Inatoa maua kama miezi miwili ao zaidi kidogo baada ya kupandwa, na hapo ndipo kiu inaiumiza zaidi. Katika sehemu nyingi za Kivu, mvua za msimu B zinapungua mwishoni mwa mwezi wa tano. Mbegu iliyoingia udongoni katikati ya mwezi wa tatu itatoa maua mvua ingalipo, na vichwa vitakauka kwa jua la mwezi wa sita na wa saba. Ile ya mwisho wa mwezi wa ine itatoa maua udongo ukiwa mkavu. Vichwa vitakuwa vidogo na mbegu nyingi zitakuwa maganda matupu. Maharagi mafupi, yasiyopanda kwenye miti, yanataka siku 75 mpaka 90, basi nayo hayawezi kungojea sana.

Kuna na ndege. Shamba moja la alizeti lililokomaa peke yake linakuwa meza yao. Jamaa tano zilizorudi pamoja, zikipanda juma moja, zinagawana hasara hiyo na watoto wanalinda kwa zamu.

Jambo kubwa zaidi ni mfuko wenyewe. Mradi wa Kongwa ulitupa mbegu zake chini kwa maelfu ya tani, na hazina ya London ikalipa. Jamaa iliyorudi haina hazina. Ikitia mbegu yote katika mvua inayokwisha na mvua ikakatika, ao vita ikawafukuza tena mbele ya mavuno, mwezi wa tisa msimu A utafunguliwa na mikono mitupu. Kwa sababu hiyo wazee wengi wa shamba wanagawa mfuko: sehemu inaingia udongoni leo, sehemu inafungwa vizuri, mbali na moshi wa jikoni na meno ya panya, kwa kungojea mvua inayofuata.

Wagogo hawakushinda ukame kwa nguvu. Walipanda kidogo, walichanganya mimea, walitunza mbegu. Mama anayepima mfuko wake mwezi wa tatu anaweza kuanza na neno moja kwa jirani aliyebaki: mvua ya kwanza ilinyesha siku gani mwaka huu? Kisha ahesabu.