Kutoka kiberiti hadi kamera: safari ya sheria za kulinda maabara na mazizi Marekani

Mwaka 2014 katika jimbo la Idaho, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mtu aliyempiga ng'ombe wa maziwa kikatili angeweza kufungwa miezi sita kwa kosa la kwanza. Mwenzake aliyesimama kando na kukirekodi kichapo hicho bila idhini ya mwenye zizi angeweza kufungwa mwaka mzima. Faini ya juu ilikuwa ileile kwa wote wawili, dola 5,000.

Sheria hiyo haikuzuka tu. Miaka miwili kabla yake, shirika la kutetea wanyama la Mercy For Animals lilitoa video iliyopigwa kwa siri katika mazizi ya kampuni ya Bettencourt, ikionyesha wafanyakazi wakiwapiga ng'ombe kwa mateke na fimbo. Wafanyakazi walifukuzwa, na baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Kisha chama cha wafuga ng'ombe wa maziwa wa jimbo hilo kikaandaa muswada, wabunge wakaupitisha, na gavana Butch Otter, mfugaji naye, akautia saini Februari 2014. Kilichopigwa marufuku hakikuwa fimbo, ilikuwa kamera.

Nchi inayojivunia uhuru wa habari ilifikaje hapo? Jibu lina miaka zaidi ya thelathini, na si hadithi ya wema upande mmoja na ubaya upande wa pili. Wapo walioitafuta sheria hiyo kwa mikono yao wenyewe, wakiwa na petroli.

Tuanzie Silver Spring, Maryland, mwaka 1981. Kijana Alex Pacheco, mmoja wa waasisi wa chama cha kutetea wanyama cha PETA, alijitolea kufanya kazi katika maabara ya Edward Taub bila kusema ni mwanaharakati. Humo walikuwamo kima 17. Taub aliwakata baadhi yao neva za mikono ili aone kama mnyama anaweza kujifunza tena kutumia kiungo kilichopoteza hisia. Usiku Pacheco alipiga picha za vizimba vichafu, vidonda vilivyoachwa wazi na vidole vilivyotafunwa. Septemba polisi waliivamia maabara, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika maabara yoyote ya utafiti nchini humo. Taub alitiwa hatiani kwa makosa sita, lakini mwishowe hukumu zote zilifutwa. Anayetaka kuchagua upande haraka asubiri kidogo: utafiti huohuo ndio uliozaa tiba ambayo leo huwasaidia waliopooza mkono kwa kiharusi. Mkono mzima hufungwa, na ule mgonjwa ukalazimika kufanya kazi.

Mwaka 1984 watu wa kundi la siri la Animal Liberation Front walivunja maabara ya majeraha ya kichwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuondoka na kanda za video. Kanda hizo zilirekodiwa na watafiti wenyewe, na zilipooneshwa hadharani watu waliwaona wakifanya mzaha mbele ya nyani waliojeruhiwa vichwa. Mwaka uliofuata serikali ilikata fedha za mradi huo, na Bunge likaifanyia marekebisho sheria ya ustawi wa wanyama: kila taasisi ya utafiti iwe na kamati ya kusimamia wanyama wake. Picha, hata zile zilizoibwa, zilikuwa zimewapatia wanyama sheria.

Moto ulileta sheria ya namna nyingine. Aprili 1987 jengo la maabara ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo lililokuwa likijengwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, lilichomwa, hasara ikipita dola milioni 3. Mwaka 1989 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Arizona: moto uliwashwa na wanyama zaidi ya 1,000 wakachukuliwa. Februari 1992 ofisi ya mtafiti wa minki, mnyama mdogo afugwaye kwa ajili ya manyoya yake, iliteketezwa Michigan pamoja na kumbukumbu za kazi ya miaka mingi. Hakuna aliyekufa katika mioto hiyo, ila hakuna serikali duniani ambayo ingekaa kimya. Aprili ilipita, Mei ikapita, na Agosti 26 rais George H. W. Bush akatia saini Sheria ya Kulinda Shughuli za Wanyama.

Ukiisoma leo utaona ilivyokuwa ya kiasi. Ililinda maabara, mashamba, bustani za wanyama na hata sarakasi. Ilimlenga aliyeingilia shughuli hizo kwa vitendo na kusababisha hasara inayozidi dola 10,000, na kifungo chake hakikuzidi mwaka mmoja, isipokuwa mtu alipojeruhiwa vibaya au kuuawa. Ripoti iliyopelekwa bungeni mwaka 1993 ilihesabu matukio 313 tangu 1977, mengi yakiwa uharibifu mdogo. Waendesha mashtaka waliigusa sheria hiyo kwa nadra. Laiti mambo yangeishia hapo, pengine makala hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Kilichobadilisha upepo kilitoka Uingereza. Mwaka 1997 televisheni ya Channel 4 ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya kampuni ya majaribio ya Huntingdon Life Sciences, wafanyakazi wakiwapiga mbwa ngumi. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa kampeni ya SHAC yenye shabaha moja, kuifunga Huntingdon. Mbinu yake ilikuwa mpya na, lazima tukiri, ya kutisha. Badala ya kuzingira maabara peke yake, wanaharakati waliwafuata wote waliofanya biashara nayo: mabenki, kampuni za bima, wakaguzi wa hesabu, wauzaji wa hisa. Anwani za nyumba za watu zilitangazwa, magari yakamwagiwa rangi, simu zikapigwa usiku wa manane. Februari 2001 mkurugenzi mtendaji wa kampuni hiyo alipigwa kwa marungu nje ya nyumba yake. Benki za biashara zikaikimbia Huntingdon, ikabidi Benki Kuu ya Uingereza yenyewe iifungulie akaunti. Kampuni ikahamishia hisa zake Marekani. Septemba 2005, siku ile ile iliyopangwa kuingia katika Soko la Hisa la New York, soko likaahirisha shughuli hiyo dakika chache kabla ya kuanza.

Fikiria mabwana wa Wall Street wakiogopa wanaharakati wa mbwa! Hapo ndipo suala la mifugo lilipogeuka suala la mitaji. Uingereza ilikuwa tayari imepitisha sheria mwaka huohuo wa 2005, ikifanya kuwa jinai kuvuruga mikataba ya watu ili kuiumiza taasisi inayofanya utafiti kwa wanyama, adhabu ikifika miaka mitano. Huko Marekani afisa mwandamizi wa FBI aliliambia Baraza la Seneti kwamba watetezi wa wanyama na mazingira wenye siasa kali ndio tishio la kwanza la ugaidi wa ndani. Kauli hiyo ilitolewa miaka kumi baada ya bomu la Oklahoma City kuua watu 168, na mlipuaji wake hakuwa na habari na wanyama.

Machi 2006 wanaharakati sita wa SHAC walitiwa hatiani huko Trenton, New Jersey, kwa sheria ileile ya 1992 pamoja na makosa mengine. Hawakushtakiwa kwa kuchoma wala kuvunja kwa mikono yao. Kesi ilihusu kampeni waliyoiendesha kupitia tovuti, na walihukumiwa vifungo vya kati ya mwaka mmoja na sita. Kwa maneno mengine, sheria zilizokuwapo tayari zilikuwa na meno ya kutosha. Hata hivyo, Novemba mwaka huo Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria mpya kwa kura ya sauti, mbunge Dennis Kucinich akisimama kuipinga. Rais George W. Bush akaitia saini Novemba 27. Safari hii neno "ugaidi" lilikuwa ndani ya jina lenyewe.

Sheria hiyo ya 2006 iliwakinga pia wanaofanya biashara na kampuni inayolengwa. Ilipima kifungo kwa hasara: zaidi ya dola 10,000, hadi miaka mitano; zaidi ya milioni moja, hadi miaka 20. Ilitamka kwamba maandamano halali na kususia bidhaa vinabaki halali, jambo ambalo watetezi wake hupenda kulikumbusha, na hawakosei. Lakini woga hauzuiwi na ibara. Mwaka 2009 wanaharakati wanne walishtakiwa California kwa mambo kama kuandika kwa chaki barabarani, kugawa vipeperushi na kupiga kelele nje ya nyumba za watafiti. Mwaka uliofuata jaji alilifuta shtaka kwa kuwa halikueleza kosa lenyewe ni lipi.

Mashamba yalikuja baadaye, ingawa Kansas, Montana na Dakota Kaskazini zilikuwa na sheria zao tangu 1990 na 1991, na Kansas ilikuwa imekwisha kuitaja kamera. Kilichowaamsha wafugaji wakubwa ni tukio la Chino, California, mwaka 2008. Mpelelezi wa siri alirekodi ng'ombe wasioweza kusimama wakisukumwa kwa mashine kuelekea machinjioni. Nyama tani zipatazo 65,000 zilirudishwa kutoka sokoni, na nyingine ilikuwa imekwisha kuliwa na watoto katika milo ya shuleni. Somo ambalo wabunge wa majimbo ya wafugaji walilipata lilikuwa kwamba video zimezidi. Iowa, Utah na Missouri zilipitisha sheria mwaka 2012. Mark Bittman, mwandishi wa masuala ya chakula wa New York Times, alikuwa amezipa jina la ag-gag, yaani sheria za kuwaziba watu midomo, na jina likaganda.

Mtu wa kwanza kushtakiwa Utah alikuwa mwanamke aliyerekodi machinjio akiwa kando ya barabara ya umma. Shtaka lilifutwa, naye akaishtaki sheria yenyewe, ambayo ilianguka mwaka 2017. Ya Idaho ilikuwa imetangulia. Agosti 2015 jaji B. Lynn Winmill aliibatilisha, akimtaja Upton Sinclair, aliyejificha miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago na kuandika riwaya iliyosukuma sheria ya ukaguzi wa nyama ya 1906. Kwa sheria ya Idaho, Sinclair angekuwa mhalifu. Mahakama ya rufani ilipoamua mwaka 2018, ilikubali kwamba kurekodi ni sehemu ya uhuru wa kusema. Ila iliacha vipengele viwili visimame: kudanganya ili kupata nyaraka, na kudanganya ili kupata kazi kwa nia ya kumdhuru mwajiri. Sheria za Kansas na Carolina Kaskazini nazo zilishindwa mahakamani.

Iowa haikukata tamaa. Sheria yake ya 2012 ilipobatilishwa Januari 2019, haikupita miezi mitatu ikawa na nyingine, kisha nyingine mwaka 2020 na 2021. Waandishi wake walikuwa wamejifunza. Badala ya kukataza kurekodi kwenyewe, ile ya 2021 ilimshika aliyekwisha kuvuka uzio. Anayeingia kwenye eneo la mtu bila ruhusa huweza kufungwa hadi siku 30. Akiwa na kamera inayorekodi, hadi miaka miwili. Januari 2024 mahakama ya rufani ilikubali kwamba sheria hiyo na ile ya 2019 zote zinaweza kusimama. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20, wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani.