Kufuli la Kidijitali katika Kitabu cha Kuazima

Teknolojia inayomzuia msomaji kunakili kitabu pepe, au kukifungua muda wa kuazima ukishapita, mara nyingi huitwa kwa Kiswahili "usimamizi wa haki za kidijitali". Tafsiri hiyo imefuata Kiingereza neno kwa neno, nami naona inaficha kazi yenyewe. Tuchukue mwanachama wa maktaba ya Marekani anayeazima kitabu kupitia huduma ya OverDrive na kukihamishia kwenye kifaa chake cha kusomea kwa kompyuta. Anachopakua kwanza ni faili dogo lenye kiambishi .acsm, ambalo ndani yake hamna hata ukurasa mmoja wa kitabu. Ni hati tu. Programu ya Adobe Digital Editions huipeleka hati hiyo kwenye seva, huhakiki akaunti ya msomaji, kisha hupokea kitabu kilichosimbwa pamoja na tarehe ya mwisho. Siku 14 au 21 zikiisha, faili laweza kubaki palepale, na ukubwa wake uleule, lakini halifunguki. Kilichofanyika hapo ni kufunga, na chombo cha kufungia Waswahili wanakiita kufuli. Kwa hiyo nasema kufuli la kidijitali.

Wapo watakaopinga kwamba neno hilo linampendelea msomaji na kumsahau mwandishi mwenye haki. Haki ya mwandishi ipo, na inastahili kulindwa, ila makao yake ni katika sheria na leseni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inakataza kulikwepa kufuli lenyewe, mbali na katazo la zamani la kunakili bila idhini. Hata watunga sheria waliona ni mambo mawili. Upande wa leseni, mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba kila kitabu pepe chake kitaazimwa mara 26, kisha maktaba ikilipie upya. Mwaka 2019 kampuni nyingine ya uchapishaji, Macmillan, iliziwekea maktaba mpaka wa nakala moja ya kitabu kipya kwa wiki nane za kwanza, na Machi 2020 ikaliondoa sharti hilo kwa tamko tu. Hayo ni ya mkataba. Mkutubi anayeumizwa na bei inambidi ajadiliane na mchapishaji, ilhali msomaji ambaye faili lake limegoma kabla ya siku zake anahitaji fundi. Istilahi inayowachanganya wawili hao inawapoteza wote.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba bila kufuli hakuna kuazimisha. Nalikubali. Kitabu cha karatasi kikirudi rafuni kimetoka mikononi mwa aliyekiazima, lakini faili halirudi popote, hivyo lazima kiwepo kitu cha kukomesha muda ili aliye kwenye foleni apate zamu. Hata hivyo makufuli hayalingani. Teknolojia ya Readium LCP, inayosimamiwa na shirika la EDRLab la Paris, hufungua kitabu kwa kaulisiri, bila kumlazimisha msomaji kufungua akaunti kwa kampuni nyingine. Ukisema kufuli, swali la ufunguo linakuja lenyewe, na maktaba inapaswa kuliuliza kabla ya kusaini: nani atakuwa nao, na akiondoka sokoni itakuwaje? Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu pepe mwaka 2019, wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini vitabu walivyokuwa wamevilipia havikufunguka tena.