Mikuyu ya Lerai: Wadatoga na Makaburi ya Mababu Zao

Kila taifa lililohama lina namna yake ya kuwakumbuka waliotangulia. Huko Marekani, mathalani, wazao wa abiria waliovuka bahari kwa merikebu ya Mayflower katika mwaka 1620 waliunda chama chao katika mwaka 1897, na mtu haingii humo mpaka athibitishe kwa hati, kizazi baada ya kizazi, ya kwamba damu yake yatoka kwa mmoja wa abiria wale. Wajukuu wa walowezi hao walisambaa kuelekea magharibi wakitwaa nchi, na kumbukumbu yao imehifadhiwa katika vitabu vya nasaba. Katika Tanzania wako watu wenye desturi inayofanana na hiyo kwa umbo, walakini iliyotokana na historia iliyo kinyume chake. Watu hao ni Wadatoga, ambao walisambaa kwa kushindwa, na ambao nasaba yao imeandikwa juu ya ardhi.

Wadatoga ni wafugaji wa asili ya Kiniloti, na lugha yao ni jamaa ya Kikalenjin. Walishuka kutoka kaskazini, na takriban mwaka 1700 walikuwa wamekwisha kukaa katika nyanda za juu za Ngorongoro. Hawakuikuta nchi tupu. Katika sakafu ya lile bonde kubwa lililofanywa na volkano mna vilima vya mawe, makaburi ya watu wa kale walioishi humo yapata miaka elfu mbili iliyopita, ambayo wataalamu walikuja kuyachimbua katika karne ya 20. Hapana ukoo hata mmoja leo unaowaita wafu wale babu zake. Basi Wadatoga nao walikuwa walowezi katika nchi iliyokwisha kuzika wengine.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wamaasai waliingia nyanda hizo, na baada ya mapigano Wadatoga walitoka. Baadhi yao walielekea kusini, na hao ndio mababu wa Wabarabaig wa Mlima Hanang'. Wengine wanaishi kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola katika Karatu ya leo. Wengine tena walikwenda magharibi, wakafika Mara, na Igunga na Nzega, ambako majirani huwaita Wataturu. Hata jina la Mang'ati, wanaloitwa na wengi katika Kiswahili, limetoka katika neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Taifa zima likaja kujulikana kwa jina lililotoka kinywani mwa mshindi wake.

Watu waliotawanyika namna hiyo walishikamanishwa na ukoo, ambao wao huuita dosht. Ziko koo zenye dhamana ya ibada, kama vile Bajuta. Ziko koo za watu wa kawaida. Na uko ukoo wa wahunzi. Kila mtu huzaliwa ndani ya ukoo wake. Mzee aliyeishi kwa heshima, mwenye watoto na ng'ombe na sifa njema, anapofariki, ukoo hukaa barazani kushauriana kama anastahili kuzikwa kwa bung'eda. Wakikubali, kilima cha udongo huinuliwa juu ya kaburi lake tabaka baada ya tabaka kwa muda wa miezi tisa. Katika siku ya kilele hukusanyika wageni kutoka mbali, pombe ya asali hunywewa, na nyimbo za kumsifu marehemu na mababu zake huimbwa. Hayo hayafanywi kwa kila mtu, na kwa hiyo kilima cha namna hiyo ni ushahidi: hapa palikaa watu, na watu hao walikuwa na wazao.

Katika bonde la Ngorongoro, kaskazini-magharibi mwa msitu wa Lerai, iko mikuyu mikubwa. Husimuliwa ya kwamba baadhi yake iliota au ilipandwa juu ya kaburi la kiongozi wa Wadatoga aliyeuawa katika vita na Wamaasai yapata mwaka 1840. Wazee wa Kidatoga wamekuwa wakirudi katika bonde hilo kuwaomba mababu zao. La ajabu ni kwamba Wamaasai nao, walioipata nchi kwa mkuki, waliiona mikuyu hiyohiyo kuwa mitakatifu. Mshindi hakuikata miti ya aliyeshindwa.

Waliofuata hawakuwa na haya hiyo daima. Ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikodishwa ardhi ndani ya bonde na utawala wa Kijerumani, wakafuga na kulima mpaka Vita Kuu ya Kwanza; kilichosalia ni magofu. Lakini jeraha kubwa zaidi lilitokea baada ya uhuru, mbali na Ngorongoro, katika uwanda wa Basotu chini ya Hanang'. Huko, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma lilitwaa ekari 100,000 hivi kwa kilimo cha ngano, na trekta zikapita juu ya bung'eda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki katika mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo katika mwaka 1985, kwa kuwa haki yao juu ya ardhi haikuthibitishwa kisheria. Kaburi halikuhesabiwa kuwa hati.

Katika Ngorongoro nako gurudumu limezunguka. Eneo la hifadhi liliundwa katika mwaka 1959, na katika mwaka 1974 Wamaasai waliokaa ndani ya bonde waliondolewa. Tangu mwaka 2022 baadhi ya jamaa za hifadhi hiyo zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Hivyo waliowatoa wengine wameonja kutolewa, na wajukuu wao watajifunza lile walilolijua Wadatoga kwa karibu karne mbili: kuiheshimu nchi kutoka mbali.

Yafaa basi haki mbili zipambanuliwe. Iko haki ya kumiliki, ambayo hubishaniwa kwa mkuki, kwa hati na kwa hukumu, na katika Ngorongoro imebadilika mikono mara nyingi. Tena iko haki ya kurudi, kusimama chini ya mti, kutaja majina na kuondoka kwa amani. Wadatoga wa Mara au wa Igunga hawahitaji kulitwaa bonde ili wawe wazao wa waliozikwa humo; wahitaji njia iwe wazi na mti uwe hai. Haki hiyo haimpunguzii mwenye nchi kitu. Wamaasai wa karne ya 19 hawakuwa na sheria ya kuhifadhi mambo ya kale, na mikuyu ya aliyeshindwa ilibaki imesimama.